Nilisema ni azolla, kumbe ni salvinia

Leo siandiki juu ya kutafuta kazi wala juu ya mishahara. Naandika juu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe, hapa Bukama, na licence yangu ya agronomie mu mfuko. Naomba musome mpaka mwisho, juu kosa hilo lilianza na kitu ambacho wengi wetu tunakidharau: jina la mmea.

Mwezi wa tisa, mama mmoja wa kikundi cha wamama wanaofuga samaki aliniita. Wako na viziwa vitatu, metre kama mia mbili kutoka Lualaba, pale chini ambapo mayi ya mto yanafika wakati mvua imekuwa mingi. Sisi wote tunamuita Mama Mukubwa, nami nitamuita hivyo hivyo. Alinionyesha beseni. Ndani mulikuwa majani madogo ya kijani, yanaelea, kila jani kama ukucha wa kidole.

— Mutoto wangu, weye njo ulisoma. Hii kintu ni nini? Mugeni moja alishukaka na train, akaniachia yo mu sachet, asema ni chakula ya samaki. Nilitia mu kiziwa kimoja, inazala mbio sana. Bamama bengine banasema ni mousse ya mayi tu.

Niliangalia dakika moja. Mu kichwa yangu nikaona ukurasa wa syllabus: mmea mdogo, unaelea, unazaa haraka, unasaidia mpunga, unalisha samaki na bata. Nikajibu na sauti ya mutu mwenye diplome:

— Mama, hii si mousse. Hii ni azolla. Ni mbolea, ni chakula, ni baraka. Mutie na mu viziwa vingine.

Walitia. Kufika mwezi wa kumi na moja, viziwa vyote vitatu vilikuwa kama uwanja wa mupira: kijani kitupu, hauoni mayi. Asubuhi mapema tilapia zilikuwa zinapanda kutafuta hewa na hazipati nafasi. Kiisha zikaanza kufwa. Mama Mukubwa hakunitukana. Alisema tu: «Agronome, baraka yako inatumaliza.» Neno hilo lilinirudisha ku vitabu.

Nilipata jibu moja la kweli ku maneno yangu ya mwanzo: si mousse. Yale mengine yote yalikuwa makosa. Na kosa hilo si la kuchekesha, juu kuna nchi nyingine, na wataalamu wakubwa kuliko mimi, walikosa jina la mmea huu huu, na ikawapotezea miaka mingi. Njo hiyo nataka kuwaeleza.

1. Mousse, kangaga, na mimea ya maua

Ku mto watu wanaita kila kijani kidogo kinachoelea jina moja. Lakini ndani ya jina hilo moja muko mimea ya mbali sana, sawa vile popo na ndege wanaruka wote wawili na si ndugu.

Mousse ya kweli ni ile inayoota ku matofali yenye unyevu, ku mawe, ku mashina ya miti. Haina mishipa ya kupandisha mayi kama mimea mikubwa, haina mizizi ya kweli, haina maua wala mbegu. Inazaa kwa spora, vumbi laini linalotoka mu kifuko kidogo juu ya kijiti.

Kangaga, ile Wafaransa wanaita fougère, nayo inazaa kwa spora na haina maua. Lakini iko na mishipa. Wale waliokaa Kinshasa wanaijua, juu wanakula machipukizi ya aina moja kama mboga, wanaiita misili.

Kiisha kuna mimea ya maua. Ile yenye maua ya zambarau inayofunga mito ya Congo, ambayo wengi wanaiita Kongo ya sika, ni mmea wa maua. Ina mbegu kabisa.

Mmea wa Mama Mukubwa hauna ua. Ukiupasua shina na kuangalia na lupu, mishipa iko. Basi ni kangaga, kangaga inayoishi juu ya mayi. Na kangaga ndogo za kuelea zinazojulikana zaidi ziko jenasi mbili: Azolla na Salvinia. Wataalamu wa kangaga wa dunia walipopanga upya makundi yote mwaka 2016, waliziweka mbili hizo mu familia moja, Salviniaceae. Mwaka 2018 zilikuwa pia kangaga za kwanza kusomwa jenomu yote, moja ya kila jenasi. Ni ndugu wa nyumba moja. Na mu nyumba moja munaweza kutoka mutoto wa kulima na mutoto wa kuiba.

2. Azolla na Salvinia: tofauti ambayo niliruka

Azolla ni ndogo sana. Majani yake ni kama magamba ya samaki, yamelaliana moja juu ya lingine, kila moja millimetre moja au mbili. Chini yake munaning'inia mizizi ya kweli. Ikipata jua kali inaweza kuwa nyekundu. Afrika iko nazo: Azolla pinnata, na ile kubwa zaidi, Azolla nilotica.

Faida ya azolla haitoki ku azolla yenyewe. Ndani ya kila jani muko chumba kidogo, na mu chumba hicho munakaa bakteria, Nostoc azollae, inayokamata nitrojeni ya hewa na kuigeuza chakula cha mmea. Njo maana Wachina na Wavietnamu waliitumia mu mashamba ya mpunga tangu karne nyingi. Unalima mpunga, azolla inakupa mbolea bila kununua.

Salvinia iko namna nyingine. Ku kila fundo la shina kuna majani matatu. Mawili yanaelea, mazima, yamekaa mbili mbili kama mabawa. La tatu limezama na limekatikakatika kuwa nyuzi, mpaka unaweza kuapa kwamba ni mizizi. Si mizizi, ni jani. Salvinia haina mizizi kabisa. Na juu ya majani yanayoelea kuna nywele nyingi zinazosukuma mayi: ukimwagia tone, linateleza kama ku mafuta.

Salvinia haina ile bakteria ya nitrojeni mu majani. Haileti mbolea mu kiziwa; inachukua ile iliyomo. Basi mimi niliwaambia wamama: tieni mbolea. Na wao, kwa kuniamini, wakatia mwizi wa mbolea, wa mwangaza na wa hewa. Majani yakifunga uso wote wa kiziwa, mwangaza hauingii, vijani vidogo vya ndani vinakufa, hewa ya oksijeni inapungua, kile kilichokufa kinaoza na kumaliza hata ile kidogo iliyobaki. Samaki wanafwa wa mwisho.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho, hata bila lupu. Mimi niliangalia dakika moja juu nilikuwa na haraka ya kuonekana nimesoma.

3. Jenasi Salvinia ilipatikana namna gani

Jina lenyewe linatoka Firenze, Italia. Mwaka 1729 Pier Antonio Micheli aliupa mmea huu jina la rafiki na mwalimu wa Kigriki, Antonio Maria Salvini. Mwaka 1753, Linnaeus, baba wa majina ya mimea tunayotumia mpaka leo, aliutia mu jenasi nyingine, Marsilea. Mwaka uliofuata, 1754, Séguier akairudisha jenasi Salvinia, na mwaka 1785 Allioni akaandika jina ambalo limebaki kwa ile ya Ulaya na Asia: Salvinia natans.

Leo jenasi hiyo iko na spishi kama kumi na mbili hivi. Afrika iko na za kwake, kama Salvinia hastata na Salvinia nymphellula, ambazo zimeishi na samaki wetu zamani na hazifanyi fujo. Amerika ya Kusini iko na kundi linaloitwa kundi la auriculata, kwa jina la Salvinia auriculata ambayo Aublet aliiandika mwaka 1775 kutoka Guyane.

Kundi hilo linajulikana kwa nywele. Chukua jani, angalia upande wa juu na lupu. Kila kijinundu kinatoa nywele nne. Mu spishi nyingine ncha za nywele hizo ziko huru, kila moja upande wake. Mu kundi la auriculata, ncha nne zinakutana tena juu na kufungana, sawa kile chombo cha waya cha kupigia mayai. Ukiona hivyo, jua mmea huo babu yake hakuzaliwa Afrika. Uliletwa.

Ndani ya kundi hilo spishi zinafanana sana. Inabidi uangalie vifuko vya spora, namna vimepangwa ku kijiti, na ikiwezekana uhesabu kromosomu. Njo pale wakubwa walianguka.

4. Kariba: miaka kumi na tatu na jina la uongo

Mulango wa barrage ya Kariba, ku mto Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe za leo, ulifungwa mwezi wa kumi na mbili 1958. Mwezi wa tano 1959 watu waliona kangaga moja ya kuelea ku ziwa jipya. Mwaka 1962 ilikuwa imefunika karibu km² 1,000, yaani kama sehemu moja ya tano ya ziwa lote. Mitumbwi haipiti, nyavu hazishuki.

Wataalamu waliangalia nywele: ncha zimefungana. Wakasema: Salvinia auriculata. Hawakuwa wajinga. Nywele zilisema kweli juu ya kundi. Hazikusema kweli juu ya spishi.

Kisha wakafanya kazi ya akili: kama mmea umetoka Amerika, basi adui zake wako Amerika. Tutafute kidudu kinachokula mmea huu kwao, tukilete. Wakaenda pale auriculata inaota, kisiwa cha Trinidad na nchi za karibu, wakakusanya vidudu vitatu: panzi mmoja, kipepeo kimoja cha usiku, na kidudu kidogo chenye pua ndefu, ndugu wa fukusi wanaotoboa mahindi yetu. Hicho cha tatu kinaitwa Cyrtobagous singularis. Vilifunguliwa sehemu mbalimbali, panzi Kariba, kile cha pua ndefu Botswana na kwingine. Matokeo kwa jumla yalikuwa ya huzuni. Ku Kariba yenyewe majani yalipungua, lakini sababu kubwa ilikuwa ziwa kuzeeka: mbolea iliyotoka mu udongo na miti iliyozama ilianza kuisha.

Wakati huo watu wengine walihesabu kromosomu. Ku jenasi hii hesabu ya msingi ni 9. Mmea ule wa fujo ulikuwa na 45, yaani mara tano ya 9. Kwa agronome hilo ni neno zito. Kromosomu zinapaswa kupangana mbili mbili wakati wa kutengeneza spora. Tano haigawanyiki mbili mbili. Basi vifuko vya spora vinatoka, lakini ndani ni vitupu. Mmea hauzai kwa spora kabisa. Unazaa kwa kukatika tu: kila kipande chenye chipukizi kinakuwa mmea. Ziwa zima limefunikwa na mmea mmoja uliokatwakatwa.

Hiyo si auriculata. Mwaka 1972, D. S. Mitchell, aliyekuwa anachunguza majani hayo ya Kariba, aliuandika kuwa spishi mpya: Salvinia molesta. Molesta maana yake msumbufu. Musikie vizuri: spishi ilipewa jina kutokana na mimea ya Afrika, wakati hakuna mutu aliyejua kwao ni wapi.

Kwao kulipatikana mwaka 1978, kusini-mashariki ya Brazil, mbali sana na Trinidad. Na pale, juu ya molesta yenyewe, kulikuwa kidudu chenye pua ndefu kinachofanana na kile cha kwanza mpaka wataalamu wakakiita jina lile lile. Wakakipeleka Australia, wakakifungua mwaka 1980 ku ziwa Moondarra, karibu na Mount Isa. Mount Isa ni mji wa shaba, sawa na miji yetu ya Katanga, na ziwa hilo lilitengenezwa kwa mayi ya mine. Mwaka 1981 ziwa lilikuwa safi.

Namna gani kidudu «kile kile» kilishindwa Afrika na kushinda Australia? Jibu lilikuja mwaka 1985: hakikuwa kile kile. Calder na Sands walikiangalia vizuri wakakuta ni spishi nyingine, wakaiita Cyrtobagous salviniae. Kile cha kwanza kinakula zaidi majani. Hiki cha pili kinakula machipukizi, na watoto wake wanatoboa shina mpaka ndani. Mmea unaozaa kwa machipukizi tu, ukiharibiwa machipukizi na shina, umekwisha.

Basi makosa yalikuwa mawili, moja juu ya lingine: jina la mmea na jina la kidudu. Mwaka 1986 Thomas na Room waliandika makala mu gazeti la Nature kuonyesha kwamba ni upangaji wa majina, ile kazi ya watu wa lupu na karatasi kavu, uliofungua mulango. Mfano wao mkubwa ulikuwa mto Sepik, Papua New Guinea. Kule salvinia ilifunika karibu km² 250 za mayi ya bonde. Watu wanaoishi kwa mtumbwi kama watu wetu wa ziwa Kisale hawakuweza tena kufika soko, shule, wala dispensaire. Kidudu cha kweli kilipofika, mu miaka michache tu mayi yalifunguka. Namibia pia ilikipata mwaka 1983 ikafaulu, na ndugu zetu wa Kongo-Brazzaville nao walikitumia.

5. Jina linabadilika: si kila mara ni kosa

Wengi mu licence tulikuwa tunalalamika: «Wataalamu wanabadilisha majina kila siku, tunakariri bure.» Nilikuwa mmoja wao. Sasa naona kuna mabadiliko ya namna mbili.

Kuna kuhamisha nyumba. Ile Kongo ya sika tulisoma kama Eichhornia crassipes. Tangu 2018 wataalamu wameihamisha mu jenasi Pontederia. Mmea ni ule ule, adui zake ni wale wale, dawa ni ile ile. Ni anwani tu imebadilika, kwa sababu wamejua vizuri zaidi ndugu zake ni nani.

Na kuna kuchanganya watu wawili. Kusema auriculata wakati ni molesta, kusema azolla wakati ni salvinia. Hapo hata kama anwani umeandika vizuri, umempelekea barua mutu mwingine. Sawa infirmier anayeandika dawa ya malaria kwa mutu wa tyfoïde: dawa ni nzuri, imenunuliwa na pesa ya kweli, na mgonjwa anafwa.

6. Sasa Bukama

Munajua mji wetu umekaa wapi. Reli kutoka Lubumbashi ilifika hapa mwaka 1918 juu ndipo Lualaba inaanza kubeba boti, kushuka mpaka Kongolo. Chini yetu kuna mabwawa na maziwa ya Upemba, Kisale na mengine, mafunjo kila upande, wavuvi wanaojenga hata juu ya visiwa vya kuelea. Samaki wa Likasi, wa Kamina, wa Lubumbashi, sehemu kubwa wanatoka kule. Mayi ya polepole, ya joto, yenye mbolea ya matope: kama salvinia ingeombwa kuchagua nyumba, ingechagua hiyo.

Na viziwa vya Mama Mukubwa viko metre mia mbili na mto. Mvua ikiendelea, Lualaba inapanda, mayi yanaunganika. Kipande kimoja chenye chipukizi kinatosha.

Nilifanya hesabu hii na wamama, na mawe juu ya udongo. Tuseme mmea unajizidisha mara mbili kila wiki (mu hali nzuri unaweza kwenda mbio zaidi, siku chache tu). Kama kiziwa kitajaa wiki ya nane, wiki ya saba ni nusu, wiki ya sita ni robo, wiki ya tano ni sehemu moja ya nane. Yaani wiki tatu tu kabla ya hatari, mutu anaangalia anasema: «Aa, ni kidogo.» Mama mmoja alisimama mbele ya yale mawe, akasema: «Njo vile ilitudanganya.» Alisema ilitudanganya. Hakusema ulitudanganya. Nilimshukuru mu moyo.

Kijana mmoja alileta shauri la kununua dawa ya kuua majani, anamwaga, basi. Nilikataa: samaki wanakula mu mayi yale, na watu wanakunywa. Mwingine aliyesoma juu ya Australia ku telefone aliniuliza kama tunaweza kutafuta vile vidudu. Nikamwambia: kidudu ni kazi ya serikali na chuo cha utafiti kama INERA, si ya mutu na chupa mu train. Tulikwisha kuona matokeo ya mutu na sachet mu train. Tena, viziwa vitatu vinawezekana kwa mikono.

Kwanza tulihakikisha jina, mara hii bila haraka. Niliazima lupu kwa rafiki mwalimu wa biologie. Majani yamekaa mbili mbili: si azolla. La tatu limezama, nyuzi: salvinia. Ncha za nywele nne zimefungana kama chombo cha mayai: kundi la auriculata, mgeni. Nilimpa Mama Mukubwa lupu aangalie mwenyewe. Alikaa nayo kuliko mimi siku ile ya kwanza.

Kiisha kazi. Tulifanya siku nne, wamama kumi na moja, vijana sita, na mimi. Tulivuta na nyavu kuukuu zenye macho madogo, tukapeleka juu ku kilima, mbali na mufereji wowote, tukatandaza kukauka. Salvinia ikikauka kabisa inakufa. Sasa imechanganywa na mavi ya mbuzi kuwa mbolea ya mihogo. Kwa hiyo mbolea niliyoahidi imepatikana, ila kwa njia ya mgongo kuuma. Mufereji wa kutoka tulitia wavu. Nyavu, beseni, ndoo, hata viatu, vyote vilikaa juani kabla ya kurudi ku mayi mengine. Tangu siku ile, kila juma mosi kuna zamu ya kuzunguka viziwa na kuokota kilichobaki. Wiki ya kwanza waliokota ndoo mbili. Wiki iliyopita, vipande tisa. Mpaka kifike sifuri kwa wiki nyingi, zamu haisimami.

7. Naomba nini kwenu

Wale wanaofanya kazi ya mifugo, ya mpunga, ya samaki: kabla ya kusema «tieni azolla», muangalie ukubwa wa jani, mizizi, na nywele. Dakika tatu. Mutu akikuletea mmea wa kuelea kutoka mbali, hata kama ni mzuri kwa macho, uweke mu chombo kilichofungwa, usiutie mu kiziwa. Ukiona ku Lualaba, ku Lufira, ku ziwa lolote, majani ya kuelea yaliyokaa mbili mbili na mayi yanateleza juu yake, chukua machache, yabane kavu mu karatasi ya gazeti, andika mahali na tarehe, upeleke ku herbariumu ya chuo kikuu. Usiandike jina kama hujui. Mahali na tarehe vinatosha. Wenye kujua wataandika jina.

Na kama ulikwisha kusema jina la uongo, rudi ukaseme. Mimi nilirudi kwa Mama Mukubwa na mikono mitupu, nikamwambia mbele ya kikundi chote: «Mama, nilikosa. Si azolla. Niliwaambia kitu ambacho sikukiangalia.» Alinyamaza kidogo. Kiisha akasema: «Basi vua viatu, mayi inakungoja.»

Niko na karatasi mbili zilizokauka vizuri hapa ku meza. Ku chini nimeandika na kalamu ya risasi: Bukama, kiziwa cha samaki, karibu na Lualaba, inaelea, imeletwa na mutu. Ku mustari wa jina nimeandika Salvinia, na pembeni: kundi la auriculata. Nafikiri ni molesta. Lakini vifuko vya spora sijavipata vizuri bado, na nafasi ya spishi nimeiacha wazi.